Sweta Nyuma ya Mlango

Kuna harufu ambayo huwezi kumweleza mtu aliyelelewa na maziwa ya pakiti. Ni harufu ya kibuyu kilichosafishwa kwa moto. Unachukua kijiti cha oloirien, ule mzeituni wa mwituni, unakichoma mpaka ncha yake iwe kaa jekundu, halafu unakitia ndani ya kibuyu na kusugua hadi moshi uingie kwenye kuta zake. Maziwa yakikaa humo yanapata uchungu kidogo na utamu kidogo. Na yeyote anayekaa karibu na mwenye kibuyu hicho anaondoka na moshi huo kwenye nguo, hata kama amevaa suti ya ofisini.

Juzi tulikuwa tunagawana nguo za Shangazi katika nyumba yake ya Kitengela, baada ya kumzika. Dada mmoja wa kanisa lake, mama mwenye sauti ya kuongoza sifa hata anapoomba chumvi, alinirushia sweta ya maruni iliyolegea viwiko. Akaniambia hiyo imeisha, labda ya kupiga deki, ila marehemu aliipenda sana, sijui kwa nini. Kila mwisho wa mwezi lazima aifue, alisema, hata kama haikuwa chafu. Niliipeleka puani. Haikuwa na harufu yoyote ila ya sabuni ya unga. Nikakaa kitandani kwa marehemu na sweta mapajani, na watu wakadhani ni majonzi. Ilikuwa hasira.

Shangazi alikuwa mtakatifu. Nasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alisema, mara nyingi, mbele ya mashahidi. Alikuwa dada ya baba yangu, karani katika ofisi moja ya serikali pale Kitengela, na kila mwisho wa mwezi alibeba makaratasi kuyapeleka makao makuu Kajiado. Hakuolewa. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya, na baba alikuwa upande wa Rombo akichunga ng'ombe za watu, akawa na mke mwingine huko. Nililelewa na Koko, nyanya yangu, mama yao wote wawili, kwenye boma lao nje ya mji wa Kajiado. Nilipofika umri wa kusoma, Shangazi alikuja kunichukua. Alisema hawezi kuacha damu yake ioze gizani. Koko alikuwa amekaa mlangoni akivuta ugoro, akapiga chafya, na hiyo ndiyo iliyokuwa hotuba yake ya kuniaga.

Msidhani nitamfanya Koko malaika. Alikuwa mchoyo wa sukari. Aliificha kwenye mkebe chini ya kitanda na kuapa kwa jina la Enkai, Mungu wa Wamaasai, kwamba imekwisha, huku tukiisikia ikichezacheza mkebeni. Aliwacheka viwete na waliooa vibaya. Lakini asubuhi, akikama, alirusha matone ya kwanza ya maziwa hewani na kusema maneno yake mafupi kwa Mungu, halafu akaendelea kukama. Hakuwahi kutueleza alichoomba. Na kila asubuhi sisi watoto tulipita mbele yake tumeinamisha vichwa, kama mtoto wa Kimaasai anavyomsalimu mkubwa, naye akaweka kiganja chake utosini na kusema, "Takwenya." Nasi tukajibu, "Iko." Kiganja chake kilikuwa kizito na kikavu, na kilinukia moshi wa oloirien. Mtoto akishaguswa hivyo, siku imeanza. Kama hajaguswa, siku inamkalia vibaya mpaka jioni.

Kitengela ya wakati huo, wenzangu mtakumbuka, ilikuwa udongo mweusi unaovua watu viatu, maji ya kisima yenye chumvi yanayoletwa na punda, na upepo uliopiga mabati usiku kucha. Makanisa yalikuwa yakiota kila palipokuwa na mabati ya kutosha. La Shangazi lilikuwa zamani ghala la vyakula vya mifugo. Walipaka rangi na kuweka mapazia ya zambarau, lakini jua likiwaka harufu ya molasi ilipanda kutoka sakafuni, na Roho alishuka katikati ya harufu ya chakula cha ng'ombe. Mimi nililipenda kwa sababu hiyo. Nilidhani ni nyumba ya Mungu wa wafugaji.

Pasta hakuwa wa kwetu. Alikuwa kijana mwembamba mwenye koti refu, aliyehamia huku kutoka magharibi, na alikuwa na kipaji kimoja: watu walianguka alipowawekea mkono. Walijipanga mstari mbele, nyuma yao wakasimama wanaume wawili wa kudaka, na pembeni kina mama wenye leso za kufunika miguu ya walioanguka. Pasta aliweka kiganja kwenye paji la uso, akapiga kelele kwamba pokea, na chini mtu akaenda. Nilishangaa wiki ya kwanza. Wiki ya pili nikaanza kutazama, kwa sababu Koko alinifundisha kutazama watu wanavyotembea kabla ya kusikia wanachosema.

Nikaona mengi. Niliona kwamba mama fulani, ambaye jina lake nalihifadhi kwa ajili ya watoto wake, hakuanguka kamwe siku ambayo mdakaji alikuwa yule mzee mwenye mgongo mbovu. Niliona kwamba hakuna aliyewahi kuangukia upande wenye nyaya za spika. Na niliona kwamba Shangazi, kabla ya kuingia mstarini, alivua miwani. Aliivua taratibu, akaikunja, akanipa nishike pamoja na mkoba. Halafu akaenda kushangazwa na Roho Mtakatifu. Nilikuwa mtoto, sikujua neno unafiki. Nilijua tu kwamba mtu anayesukumwa na ng'ombe hapati nafasi ya kuvua miwani.

Siku yangu ilipofika, nilisukumwa mstarini pamoja na watoto wengine. Pasta alikuja, akainua mkono, nami nikafanya nilichojua kufanya. Niliinamisha kichwa ili anifikie vizuri. Kiganja kikatua. Kilikuwa laini, chenye mafuta. Akaunguruma neno lake. Sikulielewa, lakini mkubwa akishaweka mkono na kusema, mtoto anajibu, na kutojibu ni utovu wa adabu. Nikajibu, "Iko." Kisha nikageuka nikarudi kwenye kiti changu, nikiwa nimefurahi, maana ilikuwa mara ya kwanza tangu nitoke kwa Koko mtu kunisalimu ipasavyo. Nyuma yangu wenzangu walilala chini kama magunia. Mdakaji alibaki amenyoosha mikono kwa ajili yangu, akidaka hewa.

Nilipigwa macho na kanisa zima. Nyumbani, Shangazi aliniuliza kwa nini nilimpinga mtumishi wa Mungu. Nikamwambia sikumpinga, alinisalimu nikaitikia.  Yeye alikuwa amezaliwa boma lile lile, ameinamisha kichwa mbele ya mama yule yule maelfu ya asubuhi. Alijua kabisa nilichomaanisha. Angecheka, mambo yangeishia hapo. Badala yake alimpeleka Pasta habari kwamba mtoto ni mgumu, na Pasta, ambaye hakuna kitu kilichomsumbua kama mtu aliyebaki wima, akagundua sababu. Ilikuwa roho ya ukoo. Imetoka kwa bibi anayerusha maziwa hewani na kutemea watoto mate akiwabariki. Alipenda sana kusema kikulacho ki nguoni mwako, na alisema roho hizo hufuata watu mpaka mijini, huingia nyumbani, na wakati mwingine huja na harufu.

Shangazi akaamua kwamba likizo ya kwenda kwa Koko nisubiri kwanza. Mpaka Mungu aseme, alisema. Nilisubiri Mungu aseme. Kwa upande wake, Mungu hakuonekana kuwa na haraka.

Lakini maneno ya Pasta kuhusu harufu yaliniingia, ila si kwa njia aliyotaka. Kwa sababu kulikuwa na harufu. Nyuma ya mlango wa chumba cha Shangazi kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kulikuwa na sweta yake ya maruni, ambayo wakati huo ilikuwa mpya. Siku nyingi ilinukia poda tu. Lakini kila mwisho wa mwezi, ile jioni ambayo Shangazi alirudi kutoka makao makuu Kajiado akiwa amechoka na hataki kusemeshwa, nilipoingia chumbani kumpelekea maji ya kuoga, sweta ile ilinukia Koko. Sisemi ilinukia kama Koko. Alikuwa ni yeye: oloirien, mafuta ya kondoo, ugoro kidogo.

Nikaelewa, kwa akili ya mtoto aliyehubiriwa vizuri, kwamba Pasta alisema kweli. Roho ya Koko ilikuwa imenifuata Kitengela. Ilikuja mara moja kwa mwezi, pengine kwa sababu ni mbali, ikakaa ndani ya sweta nyuma ya mlango kwa sababu haikukaribishwa sebuleni. Nilifurahi kiasi cha kushindwa kula. Wengine waliogopa pepo wao. Wangu alikuwa amenimiss. Basi Shangazi akiwa bafuni nilifunga mlango kidogo, nikasimama chini ya sweta, nikainamisha kichwa mpaka mkono wa sweta uniguse utosini. "Iko," nilisema, kwa sauti ya chini. Halafu nikaenda kulala nikiwa mtu.

Alinikuta siku moja. Sijui alisahau nini, taulo labda. Alifungua mlango ukanigonga bega, akanikuta nimeinama chini ya sweta yake na macho nimefumba. Aliuliza nafanya nini. Nikamwambia ukweli, kwa sababu nilidhani ni habari njema.

"Koko amekuja," nilisema. "Ako ndani ya sweta. Nusa."

Shangazi alichukua ile sweta akaipeleka usoni. Nakumbuka maji yakidondoka kutoka kwenye nywele zake hadi kwenye simiti. Aliishika pale usoni muda mrefu kuliko inavyohitajika kunusa. Alipoiondoa, uso wake haukuwa wa mtu aliyekasirika. Ulikuwa wa mtu aliyekutwa. Sikuujua uso huo, nikadhani ni hofu ya pepo. Akasema, polepole, "Shindwa." Sikujua anamwambia nani.

Nilifungishwa. Asubuhi hapana chai, mchana hapana chakula cha shule, jioni uji mwepesi na maombi, na Jumapili ikifika nikasimamishwa mbele. Nikawekewa mkono. Nikabaki wima. Si kwa ukaidi, jamani. Miguu yangu ilikuwa ya mtoto aliyepanda vilima na mbuzi, na hakuna aliyenieleza kwamba kuanguka ni kazi ninayotakiwa kuifanya mwenyewe. Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Pasta alianza kunisukuma. Kuna msukumo fulani, wa chini ya kiganja, unaopanda kwenye paji la uso na kukupindua shingo. Ukiwahi kusukumwa hivyo unaujua maisha yako yote.

Jumamosi moja jioni Shangazi alikaa nami jikoni. Alinisuka nywele kwa upole ambao haukuwa kawaida yake. Akaniambia kwamba kanisa linaanza kusema, na yeye ni kiongozi wa kina mama, anasimama aje mbele ya watu na mtoto wake amefungwa na pepo. Nikamuuliza nikifunguliwa itakuwa aje. Alivuta nywele, akakaza msuko. Kisha akasema nikifunguliwa mambo yote yatakuwa sawa, hata kwa Koko nitaenda. Alisema kwa mdomo wake. Sikumlazimisha.

Basi nikaanguka. Kesho yake, kiganja kilipogusa tu, kabla hata ya msukumo, nilikunja magoti nikajiachia nyuma kama nilivyoona wakubwa wakifanya, na yule mdakaji maskini, baada ya wiki nyingi za kudaka hewa, nusura aniangushe kwa mshtuko. Kanisa lililipuka. Ngoma, vigelegele, mtu akalia. Nililala kwenye simiti iliyonukia molasi nikiwa nimefumba macho. Nilisikia leso ikitandazwa miguuni mwangu, na pumzi ya Shangazi karibu na sikio.

"Umeanguka vizuri," alinong'ona. "Sasa tulia hapo."

"Nitaenda kwa Koko?"

"Nyamaza kwanza. Roho anafanya kazi."

Umeanguka vizuri. Nimeyabeba maneno hayo hadi leo kama kijiwe ndani ya kiatu. Alijua. Alijua mimi nimejiangusha kwa sababu naye hujiangusha, na alinisifu kama fundi anavyomsifu mwanafunzi wake. Lakini kuna jambo lingine la dakika zile ambalo sijawahi kumwambia mtu, maana linaharibu hadithi ninayopenda kuisimulia. Chini ya leso ile, katikati ya uongo wangu, niliomba. Sikuwa nimewahi kuomba, nilikuwa nakariri tu. Nilimwambia Mungu asikasirike, ni kwa ajili ya Koko, na nikahisi, kwa uwazi kama mtu anavyohisi kivuli kikipita, kwamba kuna anayesikiliza. Nilitamani nisiamke. Wakaninyanyua, wakanipangusa, wakanipeleka kwenye soda.

Shule ilipofungwa kwa likizo nilipanga mkoba wangu mwenyewe. Shangazi aliukuta mlangoni. Aliniambia niurudishe. Nikamkumbusha aliyosema jikoni. Alikuwa anafunga kamba za viatu, hakuinua kichwa.

"Sikiza," alisema. "Mtu akishaoshwa, unamrudisha aje kwa matope?"

Ilikuwa asubuhi ya mwisho wa mwezi. Alivaa sweta yake, akachukua makaratasi, akaenda Kajiado.

Jioni hiyo nilisubiri. Aliporudi nilikimbia na maji ya kuoga, lakini sweta haikuwa kwenye msumari. Ilikuwa tayari ndani ya beseni nje, imezama kwenye povu, na Shangazi ameinama juu yake akisugua kwa nguvu, akiwa bado na nguo za ofisini. Mwezi uliofuata vile vile, na uliofuata. Sweta iliporudi nyuma ya mlango ilikuwa safi, haina mtu ndani. Nikaelewa tena, kwa akili ile ile iliyohubiriwa. Kuanguka kwangu kulikuwa kwa uongo, lakini kumefanya kazi. Koko amefukuzwa, na mimi ndiye niliyemfukuza. Nilianza kufunga kwa hiari. Nadhani mimi ndiye mtoto pekee wa Kitengela aliyewahi kukesha akimwomba Mungu amrudishie pepo wake.

Koko alifariki nikiwa kidato cha kwanza, shule ya bweni. Niliambiwa baada ya mitihani. Shangazi alisema amepumzika, kwa macho makavu, kisha akaniambia nile.

Baada ya hapo nilikua, na nilikua na dharau. Nilimdharau Shangazi kwa bidii ambayo wengine huweka kwenye sala. Nilijua siku zake zote za kuvua miwani. Nilipopata kazi ya ualimu nikapanga nyumba Embulbul, mbali naye, na kanisani sikukanyaga tena ila kwa harusi na mazishi. Watu wakifumba macho kuombea chakula mimi nilibaki nimeyafumbua, nikitazama nani mwingine ameyafumbua, na nikimpata nikafurahi kama aliyepata ndugu. Harufu ya kwenye sweta nilijiambia niliiota, njaa ya mtoto. Shangazi nilimtembelea Krismasi. Alikuwa ananiuliza kama naomba, namjibu kwamba bado nanusa. Hakuwahi kucheka. Nilidhani hakuelewa.

Alipougua aliacha neno moja: azikwe Kajiado, kwenye boma, kando ya mama yake. Kanisa lilishangaa, lakini neno la marehemu halipingwi. Pasta, ambaye siku hizi ni Askofu na ana tumbo la kulingana na cheo, aliendesha mazishi yote. Wazee wa boma waliwekewa viti nyuma ya spika, kwenye ardhi yao wenyewe. Mwishoni aliita familia ili atuwekee mikono. Aliponifikia nilisikia ule msukumo wa chini ya kiganja, sasa mnene zaidi. Nilisimama kama nguzo ya ua. Nilimtazama, miwani yangu ikiwa usoni, mpaka yeye ndiye aliyefumba macho. Hiyo, lazima niseme, ilikuwa dakika tamu.

Kwa hiyo fikirini nilivyokuwa juzi, nimekaa kitandani na sweta mapajani. Kila mwisho wa mwezi lazima aifue, hata kama haikuwa chafu. Nilikunja ile sweta nikaitia mkobani, na kesho yake nikaenda Kajiado.

Wa kuuliza alikuwa amebaki mmoja, Koko Noonkishu, mke mwenza wa Koko, mzee sana sasa, aliyekuwa mgonjwa siku ya mazishi asitoke nje. Nilimkuta amekaa juani mbele ya nyumba yake ya mabati, na msichana mdogo wa pale akisafisha kibuyu kando. Sikumsalimu hata. Hasira ilikuwa mbele. Niliitoa sweta nikamnyooshea, nikamuuliza kama anaijua.

Aliishika, akaigeuzageuza, akacheka kwa fizi. "Hii ni ya yule wa ofisi," alisema. "Alikuwa anakuja nayo kila mwezi. Mpaka mama yake akakufa. Akakufa, bado akakuja. Anakuja kwangu."

Nilimuuliza alikuwa anakuja kufanya nini.

"Kusalimiwa," alisema, akinishangaa. Akaeleza kwamba Shangazi hakukaa hata kunywa chai. Alifika kutoka ofisini na karatasi kwapani, akapiga magoti mlangoni kama mtoto mdogo, mwanamke mzima, akainamisha kichwa mpaka mapajani mwa Koko. Koko akaweka mkono. Siku zingine alilia, siku zingine hapana. Koko alimuuliza mtoto yuko wapi, akajibu anasoma. Halafu akajipangusa akaondoka.

Nilitaka jambo moja tu, na nililitaka vibaya, kama mtu anayetaka msumari wa mwisho wa jeneza. "Alikuwa anavua miwani kwanza?" nilimuuliza.

"Miwani?" Koko Noonkishu alifikiria. "Hapana. Hiyo miwani ilikuwa inaanguka tu. Inaanguka hapo kwa mavi ya ng'ombe. Siku ingine alikanyaga mwenyewe akienda. Tukafunga na uzi."

Nikaikumbuka. Miwani yenye sikio moja lililofungwa uzi mweusi, ambayo mimi mwenyewe niliishika kila Jumapili, ikiwa imekunjwa kwa adabu, na sikuwahi kujiuliza ilivunjikia wapi. Nilisimama pale nikatafuta hasira yangu, maana nilikuwa na haki nayo. Yeye mwenyewe hakujinyima, ila mimi alininyima. Alikunywa kisimani halafu akaniambia ni matope. Nilimchukia pale pale, juani, kuliko nilivyowahi kumchukia, na wakati huo huo nilimwonea wivu kiasi cha kusikia kizunguzungu. Kila mwezi. Yeye alipata kila mwezi.

"Na wewe hujanisalimu," alisema Koko Noonkishu.

Ni kweli, sikuwa nimemsalimu. Nikainamisha kichwa, kwa adabu tu, mtu mzima anayemaliza jambo aondoke zake. Mkono ukatua. Mzito, mkavu, wenye moshi.

"Takwenya," alisema.

Sijui magoti yangu yalienda wapi. Hakukuwa na ngoma, hakuna aliyenisukuma, nyuma yangu hakukuwa na mtu wa kudaka. Nilijikuta chini kwenye vumbi na sketi yangu ya kazi, miguu imetawanyika, miwani yangu imenitoka, na kilio kimenishika ambacho sikukiruhusu. Yule msichana aliacha kibuyu akasimama.

"Leta kiti," Koko Noonkishu alimwambia, bila kushtuka. "Huyu ni kama yule mwingine."

Nilipapasa vumbini nikitafuta miwani. "Iko," nilijibu.